Tumeshapita Gairo

Saa kumi alfajiri, alisema Meshaki, tutakuwa barabarani.
Tukatoka Morogoro saa tatu na nusu, jua limeshatuzidi ujanja,
kwa sababu ya godoro.
Futi tano kwa sita, inchi nane, maua mekundu.
Mama aliliagiza tangu mwezi wa sita; mgongo wake
haupatani tena na kitanda cha kamba.
Halikuingia ndani. Tukalilaza juu ya paa,
tukalifunga kwa manila
kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Dumila. Kamba inapiga bati: ta, ta, ta.
Furahini anataka kukojoa.
Yona hataki, hadi tukishaondoka.

Simu. "Mmefika wapi?"
"Tumeshapita Gairo, Mama."
Gairo hatujaiona hata kwa ndoto.

Gairo yenyewe tuliifikia saa nane
nyuma ya malori kumi na moja
(niliyahesabu, nilikuwa na kazi gani nyingine),
na askari mwenye sare nyeupe pee
akatuonyesha picha yetu wenyewe:
kilomita sitini na mbili penye hamsini.
Godoro limetoka vizuri.
Meshaki akaanza kujieleza. Meshaki akijieleza, mambo hupanda bei.
Elfu thelathini, na heri ya Krismasi.

Hakuna aliyesema neno mpaka Kibaigwa,
ambako Yona alitapika viazi vya Gairo
ndani ya mfuko wenye kitenge cha shangazi.

Simu. "Mmefika wapi?"
"Tunakata kona ya Mbande."
"Fanyeni haraka, mlenda unapoa."
Unapoa kwa anayesubiri, Mama;
sisi huku tunachemka. Hilo sikulisema.

Mwaka jana, pancha mbili.
Mwaka juzi injini ilitokota pale Mtanana
tukaipoza kwa maji ya kunywa ya watoto.
Kila Januari Meshaki anaapa: mwisho, sirudii, watakuja wao.
Ikifika Oktoba namkuta uani
anabonyeza matairi kwa kidole gumba,
hasemi kitu.

Kongwa, wingu.
Mpwapwa, mvua,
ile ile waliyoiombea kanisani mwezi mzima,
na nje ya kanisa pia, kimyakimya, kwa njia zao.
Ikachagua leo.
Nani ailaani mvua Ugogoni?
Niliilaani moyoni, midomo nimeifumba.
Godoro likanywa. Likanywa kama ng'ombe waliotoka mbali,
paa likaanza kutushukia vichwani.

Saa mbili usiku, kilomita moja kutoka nyumbani: korongo.
Asubuhi lilikuwa mchanga, mbuzi wamelala humo.
Sasa linapita lote kwa mngurumo wa lori lisilo na breki,
limebeba matawi, dumu la njano, ndala moja ya kushoto.
Meshaki akazima injini. Kamba ikanyamaza.
Ng'ambo, tochi tatu.
Ya katikati inatetemeka; naujua mkono ulioishika.

"Mbukwenyi!" Huyo kaka Ndahani.
"Mbukwa!" wakapayuka watoto, wamesahau kutapika.
Kisha sauti ile ile ya simu, bila simu:
"Mmefika wapi?"

Meshaki akaanza kucheka. Akacheka
mpaka akaegemeza paji la uso kwenye usukani,
na honi ikalia yenyewe, ndefu, katika mvua.

Mita thelathini, Mama.
Siku nzima nimekudanganya kwa kilomita,
na sasa hizi thelathini, za kweli tupu, hazipitiki.

"Na godoro?"

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka pembe zake zote nne,
juu ya kioo, begani kwangu, ndani ya kiatu.
"Kavu!" nikapiga kelele. "Kavu kabisa!
Nenda kalale, Mama, maji yatapungua alfajiri."

Tochi mbili zikageuka, zikapanda kilima.
Ile ya katikati
ikakaa chini.